Povu Mdomoni mwa Shukrani

Jumapili, 6 Novemba 1988

Nimetabasamu leo mpaka mashavu yanauma. Mwinjilisti Byabato ametangaza mbele ya usharika mzima wa Kaagya kwamba ndama wangu Shukrani atakabidhiwa kwa Clotilda tarehe 27, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Vichwa vyote vikanigeukia. Nikatabasamu. Clotilda akaweka mkono kifuani, macho yamemlowa. Nikatabasamu zaidi. Mke wangu Adventina akanikanyaga mguu chini ya benchi. Anayajua matabasamu yangu.

Sheria ya kikundi chetu cha ng'ombe naijua. Unapewa mtamba chotara mwenye mimba, bure. Ndama jike wa kwanza akishaachishwa ziwa, unampa mwenzako ambaye hana. Naye atampa mwingine. Siku niliyopewa Bihogo niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuapa ni rahisi ukiwa umeshika kamba ya kupokea.

Miezi yote ya mimba niliomba dume. Dume hahesabiwi, unabaki naye. Jirani yangu Kagaruki alipata dume mara ya kwanza, na tangu hapo anatembea kama aliyemzaa mwenyewe. Adventina aliomba jike. Akasikilizwa yeye! Jina la Shukrani alilitoa pale pale bandani, ndama hajakauka.

Sio kwamba sina huruma. Clotilda ni mjane wa rafiki yangu Mujuni, aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa huu wa siku hizi. Ana watoto na kibanja chake cha migomba kinanyauka kwa kukosa samadi. Banda la Bihogo tulilijenga na Mujuni, nguzo zote alichimbia yeye. Najua. Lakini ng'ombe wa marehemu baba walikuwa ng'ambo ya mto Kagera, na vita ilipoanza mwaka 78 askari wa Amini wakawaswaga wote. Baba alibaki na fimbo. Tangu hapo nikisikia ng'ombe anatoka nyumbani kwangu, naiona fimbo ile.

Shukrani haendi. Nitapata njia.

Jumatatu, 7 Novemba

Njia imepatikana! Sheria ya kikundi inasema mnyama mgonjwa hakabidhiwi mpaka apone. Haisemi apone lini.

Nimekwenda kwa Bwana Mifugo. Anaitwa Shilogile, Msukuma, amekua nyuma ya ng'ombe wa baba yake na anawazungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia shemeji zao. Nimemwambia nataka kujifunza magonjwa ya mifugo. Aliguswa. Alisema tangu ahamishiwe huku hajapata mfugaji wa kumjia kwa swali kabla ya ng'ombe kulala chali. Amenipa kijitabu chenye picha, kisha akanisimamisha juani akinieleza: ogesha kila wiki, chanja kwa wakati, safisha banda, mgonjwa mtenge kwanza na maswali baadaye. Nikawa naitikia kwa kichwa. Alinishika mkono kwa mikono miwili wakati wa kuagana. Hapo niliona aibu kidogo, nikaharakisha kuondoka.

Nimesoma mchana kutwa. Kimeta: mnyama anakufa ghafla, damu inatoka puani, na mzoga haupasuliwi. Hapana, huo umezidi. Chambavu: paja linavimba, ukilibonyeza linalia kama karatasi. Siwezi kulivimbisha paja. Minyoo: manyoya yanasimama na tumbo linakuwa kubwa. Inachukua muda. Ndigana kali: tezi chini ya sikio zinavimba, homa, machozi, mnyama anahema kwa shida. Inaletwa na kupe wa kahawia. Tezi nitazitoa wapi?

Ugonjwa wa miguu na midomo: povu mdomoni na kuchechemea. Povu! Nyumbani kuna sabuni ya mche.

Jumatano, 9 Novemba

Majaribio. Nilitaka kujua povu linakaa muda gani kabla ya kukauka, na sikuona haki kumwonjesha Shukrani kitu ambacho sijakionja. Nikajipaka mwenyewe nyuma ya banda. Adventina akatokea na ndoo.

Nimemwambia ni dawa ya meno. Amesema sabuni hiyo aliipangia foleni Bukoba mjini tangu alfajiri, na kama meno yananiuma, mkaa upo. Akaichukua. Kipande nilichobaki nacho kinatosha. Ladha yake ingali kooni mpaka sasa, hata chai ina mapovu.

Alhamisi, 10 Novemba

Siku ya josho. Ng'ombe wote wa kikundi wanapelekwa kule rweya, kwenye nyika ya nyasi, kuogeshwa dawa ya kupe. Nimempeleka Bihogo peke yake. Walipouliza, nikasema Shukrani anachechemea, nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Na kweli anachechemea. Nilimfunga kamba ya mgomba juu ya kwato, ndani ya manyoya, haionekani. Nilipokuwa nainama kuifunga alinilamba shingo. Nikamwambia aache. Hakuacha.

Kagaruki alikuwa joshoni na dume lake, amelisugua mpaka linang'aa. Atalipeleka mnadani wiki ijayo. Alinipa pole kuhusu Shukrani kwa uso wa mtu anayetaka kucheka. Kwa mimba ya pili ng'ombe wake kazaa jike, ananyonya bado, naye akiachishwa ziwa ataenda kwa bibi Alistidia, yule anayelea wajukuu saba ambao wazazi wao wamekwisha. Tutaona atacheka vipi zamu yake ikifika.

Jumamosi, 12 Novemba

Siwezi kueleza jinsi mambo yalivyoharibika. Nitajaribu.

Kamati ilikuja asubuhi: mwinjilisti Byabato, Kagaruki (nani alimweka kwenye kamati?), na Bwana Mifugo. Shukrani alikuwa tayari. Povu lilisimama vizuri, jeupe, linadondoka hadi kwenye nyasi. Mguu unachechemea. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba nahisi ni miguu na midomo. Nilitegemea Shilogile aje, atazame, aandike mgonjwa, aende zake.

Hakusogea. Aliona povu kutoka kwenye uzio akasimama hapo hapo. Uso ulimbadilika. Akawaambia wote warudi nyuma, wasikanyage kinyesi, wasiguse kitu. Alisema alipokuwa mdogo ugonjwa huu uliingia kwenye boma la baba yake ukatokea boma la mwisho la kijiji, kwa sababu mtu mmoja aliona haya kufunga njia. Yeye hataona haya. Sampuli atachukua mkubwa wake akitoka mjini Jumanne ya wiki ya pili, maana yeye hana hata chupa za kuwekea. Mpaka hapo, karantini!

Kijiji kizima! Hakuna mnyama kutoka wala kuingia. Hakuna josho, hakuna mnada, hakuna kuchinja, na maziwa yasivuke uzio wa mwenye ng'ombe. Mlangoni kwangu limewekwa beseni la dawa, kila apitaye akanyage.

Nimerudi kwenye kijitabu. Yote hayo yameandikwa, ukurasa wa nyuma. Sikuugeuza.

Jumapili, 13 Novemba

Jumapili ijayo ni Kipaimara. Binti yangu Kemilembe ni mmoja wao, gauni jeupe liko tayari. Leo mwinjilisti ametangaza kwamba sherehe ni ya maharage, kwa sababu ya karantini. Kanisa likaguna. Kemilembe akanitazama, sio kwa lawama. Alikuwa ananionea huruma! Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Kagaruki amekosa mnada. Dume litakula majani yake mpaka Mungu ajuavyo. Nilifurahi kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo. Halafu Clotilda akasimama, akaomba usharika umwombee ndama Shukrani, na umwombee ndugu yetu Rugaibula, ambaye anaugulia mnyama aliyemlea kwa ajili ya mwenzake.

Wakaomba. Kwa majina. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Kingine ambacho sikukipangia. Kila asubuhi Adventina huwapelekea watoto wa Clotilda kibuyu cha maziwa. Yule mdogo ni dhaifu, maziwa ndiyo yanayomshikilia. Sasa hayavuki uzio. Adventina amechemsha maziwa, ameyatazama, amewapa kuku.

Jumanne, 15 Novemba

Watu hawapiti tena mbele ya nyumba yetu. Wanazunguka kwenye migomba ya Kagaruki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mujuni alipoanza kukonda. Wote tulipitia kwenye migomba ya Kagaruki.

Clotilda hakuzunguka. Amekuja mchana, amekanyaga beseni la dawa, ameingia moja kwa moja bandani na maji ya chumvi kwenye sufuria. Nilimzuia nikasema ni hatari. Akajibu kwamba nyumba ya mgonjwa ameizoea. Akamfungua Shukrani mdomo, akamsafisha taratibu kwa kitambaa. Mimi nimesimama, jasho linanitoka mgongoni.

Akasema mdomo ni mzima, hauna hata kidonda. Nikasema vidonda viko ndani zaidi. Akatazama tena, akaanza kulia. Alisema maombi yamejibiwa, na Jumapili atasimama kutoa ushuhuda.

Nimembembeleza asubiri. Nimemwambia ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Alipoondoka nikachukua sabuni, nikaurudisha. Niliona haya hata kumtazama Bihogo, aliyekuwa anatafuna huku akinikodolea macho.

Alhamisi, 17 Novemba

Josho limefungwa, wiki ya pili sasa kwa Shukrani. Leo nikimpaka sabuni nimeona kupe masikioni, wale wa kahawia. Nimewabandua wawili watatu. Nikakusudia kuendelea.

Lakini senene wameanguka! Wingu zima limetua rweya, watu wote wametoka na makopo, na mtu mwenye akili hakai bandani akibandua kupe wakati wenzake wanaokota senene. Nimerudi na gunia nusu. Nyumbani kwetu senene wa kwanza wa mwaka hupikiwa mimi, mke huniletea kwenye kikapu kidogo kilichofunikwa. Adventina amewapika, wananukia nyumba nzima. Halafu amekifunika kikapu, amekipeleka kwa Clotilda. Amesema hicho hakijakatazwa kuvuka uzio.

Nimekula kiazi.

Jumamosi, 19 Novemba

Shukrani hakula majani asubuhi. Nilimpelekea shina la mgomba lililokatwakatwa, anachokipenda. Akaliangalia tu. Sikumpaka sabuni leo. Machozi yanamtoka, na ana joto, mkono haukai.

Nikaweka vidole chini ya sikio. Tezi. Kubwa kama yai la kuku. Upande wa pili, hivyo hivyo.

Niliijua palepale. Picha ile ile, ukurasa ule ule. Nilivyosoma dalili zile kutafuta ya kuigiza, zimeniingia kichwani zote, na leo mimi ndiye pekee hapa Kaagya ninayejua kwamba ndama huyu ana ndigana kali, na mimi ndiye pekee ambaye hawezi kuaminiwa.

Nimekimbia kwa Shilogile. Alinisimamisha mbali, akaniuliza kwa nini nimemjia moja kwa moja kutoka kwenye banda la mgonjwa. Nikasema ni ndigana. Akanijibu kwa upole kwamba hofu inamfanya mfugaji aone magonjwa yote, lakini povu aliliona kwa macho yake. Dawa ya ndigana imebaki chupa moja kabatini, kwa wilaya nzima hakuna nyingine mpaka mwezi ujao. Hawezi kuimaliza kwa ndama ambaye mkubwa wake akija Jumanne huenda akaamuru auawe na kuchomwa.

Kufika Jumanne Shukrani atakuwa amekwisha kufa. Hilo nalo limeandikwa kwenye kijitabu.

Kabati lilikuwa nyuma yake, mlango uko wazi. Neno moja tu lingetosha. Nikafungua mdomo. Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Jumapili, 20 Novemba

Niandike yote.

Asubuhi Shukrani amelala, shingo ameinyoosha, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Adventina alikuwa amepiga magoti karibu naye na nguo zake za kanisani. Mkononi ana kipande changu cha sabuni, alikitoa kwenye ufa wa nguzo. Nguzo ya Mujuni. Nilidhani atapiga kelele.

"Nenda ukaseme," alisema. "Usipokwenda nitasema mimi, na nitasema mbele ya Kemilembe."

Nilipanga kumvuta Shilogile pembeni. Lakini Kipaimara kilikuwa kimekwisha, watu wote wako kwenye uwanja wa kanisa na sahani za ndizi na maharage, na yeye amekaa katikati, kati ya mchungaji na Kagaruki. Nilimwomba tusogee. Akasema kwa sababu ya karantini nisisogee, nisemee hapo nilipo. Watu wakageuka kunisikiliza. Wengine waliinamisha vichwa, walidhani nakuja kutangaza msiba.

"Bwana Shilogile," nikasema, "lile povu ni sabuni. Lakini tezi ni za kweli."

Nilisikia kijiko kimoja kikianguka. Kemilembe alikuwa na gauni lake jeupe na sahani ya maharage. Akatazama viatu vyake. Nitamwona akitazama viatu vile mpaka nazikwa.

Shilogile hakunitukana. Aliuliza tezi nilizishika lini. Nikasema jana asubuhi, kabla sijaja kwake. Akaweka sahani chini na kuchukua baiskeli. Mwinjilisti Byabato alifumba macho, sijui alikuwa anaomba au anajizuia. Kagaruki peke yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni sabuni gani. Nikadhani ananicheka.

Clotilda alikuwa amekwisha kuondoka. Tulipofika nyumbani tulimkuta bandani, amepakata kichwa cha Shukrani kwenye kitenge chake cha sherehe. Hakunitazama. Nilitaka anitukane, nilisimama pale nikisubiri.

"Lete maji, Baba Kemilembe," alisema.

Nikaenda kuleta maji. Sindano imechomwa. Shilogile amesema ataamka au hataamka, yeye amefika mwisho wa kazi yake.

Jumatatu, 21 Novemba

Bado amelala. Clotilda na Adventina wanapokezana kumgeuza. Mimi nakata majani ambayo hakuna anayeyala. Nimemwogesha Bihogo dawa kwa pampu, nimembandua kupe wote mpaka mkiani, nimefagia banda, nimeoshaosha kila kilichooshwa. Kila nikiinua kichwa namwona Clotilda, mgongo ameinama, na banda lake jipya kule ng'ambo ya migomba, tupu, limefagiliwa.

Nimetaka kumwomba msamaha. Nimemwuliza kama anataka chai.

Jumatano, 23 Novemba

Amesimama! Miguu inatetemeka, lakini amesimama, na amekula shina la mgomba mkononi mwa Clotilda. Wanawake wote wawili wamelia. Mimi nimekwenda nyuma ya banda nikalia peke yangu, mahali pale pale pa majaribio.

Mkubwa wa mifugo alifika jana kutoka mjini na chupa zake za sampuli. Aliposimuliwa alicheka mpaka akashika uzio. Karantini imefutwa. Maziwa yamevuka leo asubuhi, Adventina kayapeleka akiwa karibu kukimbia.

Watoto wa shule wamepita mbele ya nyumba yetu wakichechemea, wana povu midomoni. Sabuni imeadimika madukani, lakini kwa ajili yangu imepatikana.

Kikao cha kikundi kimekaa mchana. Kagaruki alisimama wa kwanza, akapendekeza Bihogo anyang'anywe. Nikaiona tena fimbo ya baba yangu. Nikamtazama Adventina, anatazama chini. Hakuna aliyenitetea. Halafu Clotilda akanyoosha mkono. Alisema ng'ombe akiondoka pale, watakaokosa maziwa ni wale wale watoto, wa kwangu na wa kwake, na wao hawajampaka mtu sabuni. Basi. Akakaa.

Bihogo amebaki. Adhabu yangu ni kujenga upya uzio wa josho peke yangu. Na Shilogile kaongeza la kwake: kwamba niwe mwangalizi wa afya ya mifugo wa kikundi, nipite kila banda kukagua dalili na kumpa taarifa. Watu waliguna. Akawajibu kwamba yeye aliyesomea aliona povu akakosa kuona ndigana, na huyu Rugaibula anazijua dalili zote, za kweli na za uongo.

Hata sifa yenyewe imenichoma.

Jumapili, 27 Novemba

Shukrani ameondoka. Mbele ya kanisa, baada ya ibada, amefungwa utepe wa kitambaa shingoni. Kamba nilitakiwa kuishika mkono wa kulia, niseme maneno ya kukabidhi, nayajua kwa moyo. Sikuweza hata neno la kwanza. Nilimwekea Clotilda kamba mkononi, nikabaki nimeushika mkono wake kama mjinga.

Alisema polepole, ili wengine wasisikie, kwamba Mujuni angefurahi kuona siku hii. Halafu akasema, "Na wewe sasa uwe unakuja kumwona. Njia ni ile ya mbele, usizunguke."

Nimelia mbele ya watu. Kemilembe alikuja akanishika mkono mpaka nyumbani. Nimeapa, na sasa hivi sijashika kamba yoyote ya kupokea, kwamba sitadanganya tena kuhusu mnyama. Adventina amenipa senene wa mwisho, wachache, kwenye kisahani. Sijawahi kula kitu kitamu vile.

Jumatano, 30 Novemba

Leo nimeanza kazi ya uangalizi. Shilogile amenipa koti lake la zamani, jeupe. Linanifika magotini. Nimepita mabanda matatu, nimeshika masikio, nimefungua midomo. Wanawake wameniita Bwana Daktari, nusu kwa mzaha. Nusu nyingine nimeifurahia.

Mwisho kwa Kagaruki. Amenipokea mlangoni na olubisi, pombe yetu ya ndizi, jambo ambalo halijatokea tangu vita iishe. Alisema ndama wake, yule wa bibi Alistidia, hana raha. Nikaingia bandani. Povu! Jeupe, limejaa, linadondoka.

Nikainama nikanusa. Lux.

Nikamtazama Kagaruki. Akatazama paa. Nikajua kwa nini siku ile aliuliza sabuni gani.

Nilipaswa kupiga kelele pale pale. Nilimwona bibi Alistidia akilini, na wale wajukuu saba, na banda ambalo amelikatia miti kwa panga lake mwenyewe. Nimeona aibu, tena kubwa. Nimeisikia mpaka masikioni. Lakini Kagaruki hajawahi kuniuliza kitu maishani mwake, na leo alikuwa amesimama mbele yangu, kofia mkononi, anasubiri neno langu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mimi ndiye mtaalamu.

Nikamwambia kwanza asafishe uchafu ule kabla Shilogile hajapita na baiskeli yake. Sabuni ya kuogea inanukia, mtoto mdogo angegundua. Na kosa kubwa ni kuchagua ugonjwa unaofunga njia, labda kama anataka kijiji kizima kimle nyama. Upo ugonjwa wa taratibu, usio na karantini, usio na mkubwa wa kutoka mjini. Mnyama anachelewa tu kukua, manyoya yanasimama, tumbo kubwa, na unaweza kudumu hata mwaka. Manyoya ukiyachana kinyume kwa maji ya unga yanasimama vizuri. Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwonyesha na wa nyuma yake.

Tumemaliza olubisi. Amenisindikiza hadi barabarani.

Nyumbani Adventina aliniuliza kwa Kagaruki kuna nini, maana bibi Alistidia amepita mchana na ana wasiwasi na ndama wake. Nikavua koti, nikanawa mikono vizuri, kwa sabuni.

Nimemwambia ni minyoo.